Land Cruiser tatu zinazofanana kwa nje: tuchukue ipi?

Swali: "Mimi na mume wangu tunaishi Dar es Salaam na tuna shamba la maparachichi Njombe, kwa hiyo kila baada ya wiki chache tunapanda kule na kurudi. Miaka yote tumeendesha magari yaliyotumika kutoka Japani. Safari hii tumeuza kiwanja na tumeamua kununua gari jipya kabisa, Land Cruiser 300. Wakala rasmi ametuandikia bei ya dizeli ya lita 3.3, rimu za inchi 18, viti vya kitambaa, na anasema tusubiri. Mfanyabiashara mwingine ana la petroli la lita 3.5 limesimama Dubai, kilomita sifuri, rimu za inchi 20, viti vya ngozi, paa la kioo, skrini za nyuma, na bei yake haipishani sana na ya wakala. Mtu wa tatu anasema atatuletea la dizeli kutoka Japani, ZX, lina kila kitu. Mume wangu naye moyo wake uko kwenye Range Rover. Mwanangu anasema V6 si shangingi, tutafute V8 za mwisho mwisho. Nimechanganyikiwa. Fedha hii hatutaipata tena. Tuchague lipi, na tuagize liwe na vitu gani?"

Dada yangu, neno lako la mwisho ndilo la kuanzia: fedha hii hamtaipata tena. Kwa hiyo sitajibu gari lipi ni zuri, maana yote uliyoyataja ni mazuri. Nitaangalia gari lipi litaendelea kuwapeleka Njombe na kuwarudisha miaka minane au kumi ijayo, likihudumiwa na mafundi wa hapa na kunywa mafuta ya hapa.

Mmewekewa mezani Land Cruiser tatu kana kwamba ni gari moja lenye mapambo tofauti, na mkanganyiko wote umeanzia hapo. Kiwanda hujenga gari kwa ajili ya soko fulani. Kinajua mafuta yanayouzwa huko, sheria ya moshi ya huko, upande wa usukani, masafa ya redio na karakana zitakazolihudumia. Magari mawili yanaweza kuwa na bodi ile ile, rangi ile ile na jina lile lile mlangoni, lakini chini yake yakawa na mifumo tofauti kabisa. Herufi kama VX na ZX zinaeleza zaidi vitu vya ndani na mapambo. Hazikuambii gari lilikusudiwa liishi wapi.

Kitu cha kwanza, basi, waombe wauzaji wote watatu picha ya kibao chenye maandishi MODEL na namba ya chesi. Kwa Land Cruiser hii, FJA300 ni dizeli ya lita 3.3, VJA300 ni petroli ya lita 3.5 yenye turbo mbili, na GRJ300 ni petroli ya lita 4.0 isiyo na turbo, ambayo huuzwa sana nchi za Ghuba. Waulize pia swali linaloonekana la kitoto: usukani uko upande gani? Ghuba wanaendesha kulia kwa barabara, kwa hiyo gari lililojengwa kwa wateja wa kule lina usukani kushoto. Dubai yapo pia yenye usukani kulia, yaliyoagizwa kwa ajili ya kuuzwa nje, lakini msidhani. Lionekane kwenye picha, likiwa limefunguliwa mlango.

La mwanao tulimalize haraka. V6 ni injini ya silinda sita, V8 ni ya silinda nane. Dizeli ya V8 ya lita 4.5 iliyokuwa kwenye Land Cruiser 200, ile yenye turbo mbili, ilitoa nguvu ya kilowati 200 na msukumo wa niutoni mita 650. V6 ya lita 3.3 inatoa kilowati 227 na niutoni mita 700, na msukumo wake kamili unaanzia mizunguko 1,600 tu kwa dakika, tena kwenye giaboksi ya gia kumi badala ya sita. Gari lenyewe ni jepesi kuliko la zamani kwa takriban kilo 200. Mtakapokuwa mnapanda mlima Kitonga nyuma ya foleni ya malori, mkitaka nguvu ya ghafla ya kupita kabla ya kona inayofuata, V6 hii haitawaangusha. Mlio wa V8 ni mtamu, nakubali. Lakini V8 mpya ya kiwandani haipo tena kwenye Land Cruiser hii. Mtakayoipata imeshatumika, na ninyi mnatafuta gari jipya.

Sasa tuingie kwenye dizeli ya Japani, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huumia bila kujua walichokinunua.

Dizeli ya Land Cruiser 300 iliyojengwa kwa soko la Japani ina chujio la masizi kwenye njia ya moshi, wengi wanaliita DPF, pamoja na mfumo unaopuliza AdBlue, kimiminika cha urea, kupunguza gesi za nitrojeni. Chujio hilo ni kipande cha kauri chenye matundu membamba. Moshi unapita, masizi yanabaki. Masizi yakijaa, kompyuta ya gari inagundua kwa kupima shinikizo la moshi kabla na baada ya chujio, kisha inaongeza mafuta ili moshi uchemke hadi kama nyuzi 600 na masizi yaungue, yabaki majivu kidogo tu. Kazi hiyo inataka gari litembee mfululizo, robo saa au zaidi, kwa mwendo wa maana. Ukiwa umekwama kwenye foleni ya Mwenge hadi Posta, halafu ukazima gari katikati ya zoezi, linakatika. Kesho linaanza tena, linakatika tena. Sehemu ya mafuta ya ziada huweza kuteremkia kwenye oili, na ukichomoa kijiti cha kupimia unaweza kuiona imepanda juu ya alama badala ya kupungua. Oili iliyochanganyika na dizeli hailindi injini.

Kuna suala la salfa pia. Dizeli inayouzwa Japani ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa kila milioni. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango cha 50, kuanzia Januari 2015. Ni hatua kubwa ukilinganisha na tulikotoka, lakini bado ni mara tano ya kile ambacho mfumo huo uliundiwa. Salfa hudhoofisha madini yanayosaidia kusafisha moshi. Na hapo nimehesabu mafuta safi. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni balaa la peke yake, kwa sababu pampu na nozeli za shinikizo kubwa hutegemea dizeli yenyewe kulainisha vyuma vyake, na mafuta ya taa hayana ulainishi huo. Hili linahusu dizeli yoyote ya kisasa, hata ile ya wakala: jazeni kwenye vituo mnavyovijua, ombeni risiti, na msinunue ya kwenye kidumu.

Niseme haki ya gari hilo. Halitakufa siku ya kwanza. Ninyi mnasafiri mbali mara kwa mara, na barabara ya Morogoro hadi Iringa ingelipa chujio nafasi ya kujisafisha kuliko gari la mtu asiyetoka mjini. Wapo wenye magari ya aina hiyo na yanatembea. Lakini mtakuwa na mfumo unaohitaji AdBlue, sensa kadhaa ambazo si kila karakana ina vipuri vyake, na kompyuta ambayo AdBlue ikiisha kabisa haitaruhusu injini iwake tena mkishaizima. Na kwa kuwa ni wakulima, nawaonya mapema: AdBlue ni urea asilimia 32.5 katika maji yaliyosafishwa, lakini urea ya mbolea haiwezi kuwa mbadala. Mtu akiwashauri muikoroge kwenye ndoo shambani, mkatalieni. Uchafu wake utaziba nozeli na kuharibu mfumo mzima.

Mtaambiwa pia kwamba chujio "linatolewa tu" na kompyuta inaandikwa upya. Ni kweli hufanyika mitaani kila siku. Kwa gari jipya la thamani hii siwashauri: moshi mchafu utawarudia watu, programu inayoguswa na mtu asiye wa kiwanda huleta makosa mengine baadaye, na madai yoyote ya waranti yanaishia hapo. Kwa nini ununue mfumo kwa bei ya juu kisha ulipe tena ung'olewe? Magari ya dizeli yaliyojengwa kwa masoko kama letu kwa kawaida huja bila chujio hilo. Mwombe wakala wenu aandike kwa maandishi: lina chujio la masizi au halina, linatumia AdBlue au halitumii. Jibu la mdomo halitoshi.

Mkiwa mnaulizia dizeli, huenda mtu akawatisha kwamba injini hizi zilisimamishwa. Ukweli ni huu. Januari 2024 Toyota ilisitisha kwa muda kusafirisha magari yenye injini tatu za dizeli, mojawapo ikiwa hii ya lita 3.3, baada ya kubainika kwamba kampuni inayozitengeneza, Toyota Industries, ilikiuka utaratibu wa kupima nguvu wakati wa kuomba idhini. Haikuwa habari ya injini kuvunjika, na Toyota haikuwataka wenye magari hayo waache kuyaendesha. Usafirishaji ulianza tena miezi michache baadaye. Ni doa la uaminifu, sawa, lakini si sababu ya kuikimbia injini.

Sasa lile la petroli lililosimama Dubai. Injini yake ni tamu sana: kilowati 305, niutoni mita 650, na utulivu ambao dizeli haiufikii. Ina mambo matatu ya kupima. Kwanza mafuta. Japani injini hiyo hupewa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kiwango chao ni oktani 96 au zaidi; oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe. Petroli ya oktani ndogo kwenye injini ya turbo huelekea kulipuka kabla ya wakati wake. Sensa zinausikia mlipuko huo, kompyuta inachelewesha cheche ili kuokoa pistoni, na ninyi mnapoteza nguvu huku mkichoma mafuta zaidi. Kabla hamjaamua, simameni kwenye vituo vya Makambako na Njombe mjini muulize petroli yao ina oktani ngapi. Mkipata jibu la uhakika Dar peke yake, mmeshajibiwa.

Pili, ulaji. Kwa kipimo rasmi cha Japani, petroli inakwenda takriban kilomita 8 kwa lita na dizeli kilomita 9.7. Kutoka kwenu hadi Njombe ni kama kilomita 700, hivyo kwenda na kurudi tofauti ni lita 30 hivi za kwenye karatasi, na barabarani magari yote mawili yatakunywa zaidi ya hapo. Haiwezi kuwafilisi watu walionunua gari la aina hii, lakini matangi yote mawili ya 300 yanabeba lita 110 kwa pamoja, na kwa dizeli hiyo ina maana mnaweza kujaza Dar kwenye kituo mnachokiamini na kufika shambani bila kugusa pampu nyingine. Kwangu faida hiyo ni kubwa kuliko fedha ya mafuta yenyewe.

Tatu, historia ya injini. Mei 2024 nchini Marekani Toyota iliyaita karakana magari takriban 102,000 ya Tundra na Lexus LX ya mwaka 2022 na 2023, yenye injini ya familia hii hii ya petroli ya lita 3.5, kwa sababu mabaki ya vyuma vya kiwandani yangeweza kubaki ndani na kuharibu beringi za krenki. Sisemi gari la Dubai lina tatizo hilo. Nasema kwamba gari ambalo namba yake ya chesi haipo kwenye vitabu vya wakala wenu, likija kuhitajika kurudi kiwandani kwa lolote, ninyi mtakuwa wa mwisho kujua. Waranti ya kiwanda hufungamana na soko ambako gari liliuzwa. Mfanyabiashara anaweza kuwaandikia waranti yake mwenyewe, na huenda ni mtu mwaminifu kabisa, lakini waranti hiyo ina uzito wa duka lake tu.

Halafu hiyo "kilomita sifuri" niichambue kidogo. Gari linaweza kuwa halijatembea na likawa limezeeka. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara dogo refu. Zikisomeka 2324, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Kama tairi zimekaa mwaka na nusu kwenye yadi, juani, kwenye joto la Dubai, basi na betri, raba za madirisha na mafuta ya breki vimekaa hapo hapo. Ombeni picha ya tarakimu hizo kwa tairi zote, pamoja na ya akiba.

Shemeji naye nisimwache. Range Rover ya sasa, iliyozinduliwa Oktoba 2021, kwa starehe inaishinda Land Cruiser, na si kwa kidogo. Ni tulivu zaidi, magurudumu ya nyuma yanageuka hadi nyuzi 7 kwa hiyo inakata kona kwenye maegesho finyu utadhani gari dogo, na inavuka maji ya kina cha milimita 900 wakati Land Cruiser 300 inaishia 700. Mwenye kusema si gari la barabara mbaya hajaiendesha. Tatizo liko kwenye kinachobeba starehe hiyo. Badala ya springi za chuma ina mifuko ya raba iliyojazwa hewa, kompresa ya kuijaza, vali za kugawa hewa na sensa za kimo kila kona. Vumbi laini na matope yaliyokauka huchubua raba, mfuko ukianza kuvuja kidogo kompresa inafanya kazi muda wote hadi inaungua, na gari linaamka asubuhi limelala upande mmoja. Dar likitokea ni usumbufu. Likitokea shambani Njombe siku ya kupakia mzigo, mtasubiri gari la kubeba gari. Kama safari zenu zingekuwa Masaki hadi Posta na likizo Bagamoyo, ningemwambia shemeji afuate moyo wake.

Turudi kwenye oda yenu. Mimi ningechukua dizeli ya wakala, na nguvu zangu zote ningeziweka katika kuipanga vizuri. Kabla ya kuchagua kitu chochote cha ziada, elewa kodi inavyokaa juu ya kodi. Gari la aina hii likiingia Tanzania linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani yake. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000, unakokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru wa kwanza. Kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya vyote. Ukizidisha, kila shilingi milioni moja ya kitu kilichofungwa kiwandani inakuwa kama milioni 1.62 kabla ya tozo nyingine ndogo na kabla ya faida ya muuzaji. Bima kubwa nayo inahesabiwa kwa thamani ya gari zima, kila mwaka. Skrini mbili za nyuma za kutazamia katuni unazilipia hivyo, ilhali watoto wataangalia kwenye tableti. Viwango vya kodi hubadilika na bajeti ya Juni, kwa hiyo mwombe wakala wa forodha awapigie hesabu ya siku hiyo.

Kwa hiyo lipieni kiwandani vile tu ambavyo haviwezi kuongezwa vizuri baadaye. Mifuko ya hewa ya pembeni, viti vya safu ya tatu kama mnabeba familia, kamera za kuzunguka gari, breki za dharura za kujitegemea, kiyoyozi cha nyuma. Kufuli ya difu ya nyuma pia, inayolazimisha magurudumu yote mawili ya nyuma kuzunguka pamoja, kwa udongo wa Njombe msimu wa mvua. Toleo la GR Sport lina kufuli za mbele na nyuma pamoja na mfumo unaolegeza fimbo za kuzuia gari lisilale kwenye kona, ili magurudumu yashuke zaidi kwenye mashimo. Ni uhandisi mzuri, lakini kwa barabara ya shamba inayopitika na pikapu ya kawaida hamtaitumia mara nyingi kiasi cha kuilipia.

Rimu nataka nizisemee kwa urefu, maana mwanao atazipigania. Tairi la inchi 18 la gari hili ni 265/65R18, na la inchi 20 ni 265/55R20. Namba ya katikati ni asilimia: kimo cha ubavu wa raba ukilinganisha na upana wake. Piga hesabu utapata ubavu wa milimita 172 kwa la kwanza na 146 kwa la pili, wakati kipenyo cha nje ni karibu sawa, kama milimita 800. Kwa maneno mengine, rimu kubwa haiinui gari hata kidogo. Inachofanya ni kunyang'anya raba milimita 26, na raba hiyo ndiyo inayomeza pigo la shimo kabla halijafika kwenye chuma. Ukiingia kwenye shimo lenye ncha ya lami iliyovunjika kwa kilomita 90, ubavu mfupi unabanwa kati ya ncha na rimu. Nyuzi za ndani zinakatika na baadaye unaona uvimbe kama yai ubavuni. Tairi la namna hiyo haliungwi, linatupwa. Halafu jaribu kutafuta 265/55R20 Makambako jioni ya Jumamosi. Inchi 18 utaipata kirahisi zaidi, na utalala kwako. Hakikisheni tu tairi la akiba ni la ukubwa kamili na lina rimu ya aina ile ile.

Kitambaa au ngozi? Hapa wakala hakuwapunja kama mnavyodhani. Kitambaa kizuri hakichomi mapaja gari likisimama juani, ingawa vumbi jekundu la Njombe likichanganyika na jasho halitoki kwa urahisi. Ngozi inafutika. Kama bei inaruhusu kupanda daraja moja mpate ngozi yenye matundu na upepo wa kupoza, ni starehe mtakayoihisi kila siku, tofauti na paa la kioo ambalo litafunikwa pazia lake kuanzia saa nne asubuhi mwaka mzima. Rangi ya ndani chagueni ya kahawia au kijivu, si krimu. Ya nje, nyeupe inabaki baridi zaidi na inauzika haraka zaidi siku mkitaka kuliachia.

Msikimbilie kufunga bampa la chuma mbele. Rada ya breki za dharura inakaa nyuma ya nembo au kwenye grili, na kamera yake iko juu ya kioo cha mbele. Chuma kisichopimwa na kiwanda huiziba rada na kubadilisha namna mifuko ya hewa inavyohisi ajali. Hata kioo cha mbele kikipasuka kwa jiwe, kikibadilishwa lazima kamera ipimwe upya kwa mashine. Muulize wakala kama anayo mashine hiyo hapa nchini.

Niulize pia jambo ambalo hukuniuliza: mmeitazama Prado mpya, ile 250 iliyozinduliwa Agosti 2023? Imekaa juu ya chesi ya familia moja na 300, ina dizeli ya lita 2.8 yenye kilowati 150 na niutoni mita 500, na inatosha kwa safari zenu zote mlizonieleza. Itapanda Kitonga taratibu zaidi. Lakini kama kununua 300 kutamaliza fedha ya kiwanja hadi senti ya mwisho, na mkabaki mnaombea gari lisidai tairi nne kwa pamoja, Prado iliyolipiwa bima kubwa na yenye akiba ya matengenezo benki itawapa usingizi. Pigeni hesabu hiyo wawili, bila muuzaji kuwepo.

Kuna mambo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Kaeni ndani ya gari lenyewe, familia nzima, mkunje viti vya nyuma muone kama makreti yenu yanaingia, mliendeshe kwenye barabara mbovu na si kuzunguka jengo tu. Kabla ya kulipa amana, mpeni mwanasheria mkataba asome vipengele vitatu: bei imefungwa au itafuata dola, tarehe ya kufika ikipita mnarudishiwa nini, na gari litakalokuja likiwa na tofauti na mliyoagiza mna haki ya kulikataa au la. Ambatanisheni orodha kamili ya vitu vilivyomo, pamoja na msimbo wa MODEL na lile jibu la chujio la masizi.

Siku ya kukabidhiwa nendeni na fundi wenu wa dizeli mwenye mashine ya kusoma makosa, kabla ya malipo ya mwisho. Alinganishe namba ya chesi na hati, asome kompyuta yote, apime unene wa rangi mlango kwa mlango kama ana kifaa, aangalie tarehe za tairi, ahakikishe funguo ni mbili na kitabu kiko kwa lugha mnayoisoma. Kazi hiyo inachukua saa mbili hivi. Wakala akikataa fundi wenu aliguse gari, mwambieni mtarudi akiwa tayari, na fedha ya mwisho ibaki kwenye akaunti yenu.